Bustani ya machipuko na kuku wanne nyuma ya nyumba mjini Seattle

Swali: “Nilihamia kusini mwa Seattle, Marekani, nikitokea Morogoro. Nyuma ya nyumba tuna uwanja wa mita 6 kwa 10 wenye uzio wa mbao wa futi 6. Mwaka jana nilimwaga mbegu za mchicha mwanzoni mwa Aprili, haukuota hata mmoja. Miche mikubwa ya sukuma wiki niliyoinunua Machi nayo ilitoa maua mwezi Mei kabla sijachuma vya kutosha. Mwaka huu nataka kujaribu tena, na niongeze kuku wachache wa mayai pamoja na jogoo. Nianze na nini, na lini? Mbolea ya kuku naweza kuimwaga bustanini moja kwa moja kama tulivyofanya nyumbani? Na shangazi anakuja mwezi wa sita, anibebee mbegu?”

Jibu:

Pole kwa msimu uliokupotea, dada. Mchicha kukataa kuota na sukuma wiki kukimbilia maua vina chanzo kimoja, nacho ni baridi. Morogoro mkulima husubiri mvua, kwa sababu udongo wenyewe una joto mwaka mzima. Seattle maji yapo tele tangu Oktoba hadi Aprili. Kinachosubiriwa ni joto. Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua, kabla ya mbegu na kabla ya vifaranga, ni kipimajoto cha udongo. Kichomeke sentimita 5 kwenda chini, saa 2 asubuhi, siku tatu mfululizo, kisha uamue kwa namba hiyo na si kwa jua unaloliona dirishani. Aprili huwa na siku nzuri zenye kudanganya, na chini ya jua hilo udongo bado uko nyuzi 8 hadi 11 za Selsiasi.

Mchicha huota vizuri udongo ukiwa na nyuzi 20 na kuendelea. Ukiwa na 15 mbegu chache hutoka, tena kwa kusuasua. Chini ya hapo mbegu hulala kwenye unyevu hadi zinaoza. Mbegu zako huenda zilikuwa nzima kabisa. Panda nje mwishoni mwa Mei au juma la kwanza la Juni, asubuhi kipimo kinaposoma angalau nyuzi 16 hadi 18 (kipimajoto cha dukani huko kitaonyesha Fahrenheit, yaani 61 hadi 64). Ukitaka kuwahi kwa majuma mawili, tandaza plastiki nyeusi juu ya tuta kuanzia mwanzoni mwa Mei, uibane kingo kwa mawe ili igusane na udongo, uiondoe siku ya kupanda. Plastiki iliyoinuka na kuacha hewa katikati haipashi udongo joto.

Changanya mbegu za mchicha na mchanga mkavu, kijiko kimoja cha chai cha mbegu kwa vikombe viwili vya mchanga, ili zisirundikane. Chora mistari ya kina cha nusu sentimita, umbali wa sentimita 20 kati ya mstari na mstari, kisha punguzia miche ibaki kila sentimita 10. Kwa joto la Seattle hesabu majuma sita hadi saba kabla ya kuchuma, tofauti na majuma matatu au manne uliyozoea. Kwa kuwa msimu ni mfupi usiung’oe na mizizi. Kata shina sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, nao utachipua upya mara mbili au tatu. Panda mstari mpya kila baada ya majuma matatu hadi katikati ya Julai. Aina nyingi za mchicha hutoa maua siku zinapofupika, na Agosti ikiisha huko siku zinafupika kwa kasi, hivyo uliopandwa Agosti utakimbilia mbegu ukiwa bado mfupi.

Sukuma wiki ina tabia nyingine kabisa. Haiogopi sakitu (umande ulioganda), ukiipanda Julai itakulisha hadi majira ya baridi, na baridi huipa utamu. Shida yake ni kwamba mche ukishakuwa na shina nene kama penseli, kisha ukakaa majuma kadhaa kwenye baridi ya nyuzi 4 hadi 10, unahesabu kuwa majira ya baridi yamepita na wakati wa maua umefika. Ndiyo maana miche mikubwa ya Machi, ile inayoonekana kuwa na thamani zaidi dukani, ndiyo inayoangusha watu. Nunua midogo yenye majani manne hadi sita, au panda mbegu ndani ya nyumba mwishoni mwa Februari na uihamishie nje katikati ya Aprili. Kabla ya kuihamisha, izoeze kwa siku saba hadi kumi: ikae nje kwa muda wa saa mbili siku ya kwanza, kisha uongeze kila siku. Tuta moja la mita 1.2 kwa 2.4 linatosha miche 10, mistari miwili yenye nafasi ya sentimita 60 katikati na sentimita 45 kati ya mche na mche. Hiyo ni mboga ya kutosha familia ya watu wanne wanaochuma majani ya chini mara mbili kwa juma.

Mboga nyingine kwa kifupi. Njegere, vitunguu, figili na saladi huanza Machi mwishoni. Dania na spinachi ya majani mapana, Aprili. Mnavu uanzishe ndani ya nyumba katikati ya Aprili na kuupanda nje Juni. Usichume kamwe mnavu wa porini huko: kando ya uzio na mitaro ya Seattle hutambaa mmea wa jamii hiyo wenye maua ya zambarau na matunda mekundu, nao ni sumu. Majani ya maboga yanastawi vizuri kupita mboga zote za joto, ukipanda mbegu moja kwa moja mwisho wa Mei. Nyanya zianze ndani katikati ya Machi, zitoke nje usiku unapoacha kushuka chini ya nyuzi 10, kwa kawaida mwishoni mwa Mei, na chagua aina za matunda madogo kwa sababu kubwa mara nyingi hufikiwa na mvua ya Septemba zikiwa za kijani. Bamia na kunde zitakuchosha bila kibanda cha plastiki.

Sasa jua, jambo ambalo aliyekulia karibu na ikweta halipi uzito. Morogoro, jua la saa sita mchana mwezi Machi liko karibu utosini. Seattle, mwezi huohuo, liko upande wa kusini na limepanda nyuzi 42 tu juu ya upeo wa macho, na Desemba halifiki hata nyuzi 20. Uzio wa futi 6, yaani kama mita 1.8, hutupa kivuli cha mita 2 hivi mchana wa mwisho wa Machi, na zaidi ya mita 5 mwezi Desemba. Kivuli hicho huangukia kaskazini mwa uzio. Chukua dira ya simu, tafuta kusini, kisha tenga ule ukanda wa mita 2 ulio chini ya uzio wa upande huo: mboga zitadumaa pale, lakini kuku wataupenda, hasa Julai na Agosti. Banda likae humo, paa lake literemke kuelekea kaskazini na kubaki ndani ya kivuli cha uzio, ndipo halitaongeza kivuli. Matuta yajipange upande wa kaskazini wa uwanja, mimea mirefu kama nyanya ikiwa nyuma kabisa.

Kabla ya kununua mbao, pima udongo. Hili nalisisitiza kwa eneo lako. Huko Ruston, karibu na mji wa Tacoma ulio kusini mwa Seattle, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichofanya kazi kwa takribani miaka mia moja hadi kufungwa katikati ya miaka ya 1980. Moshi wake ulimwaga arseniki na risasi juu ya eneo la zaidi ya maili za mraba 1,000, ikiwamo sehemu ya King County, kaunti ambamo Seattle imo. Idara ya Ikolojia ya jimbo la Washington ina ramani ya maeneo yaliyoguswa. Ongeza hapo rangi ya risasi iliyopakwa nyumba nyingi kabla ya kupigwa marufuku mwaka 1978. Magamba yake huwa mengi zaidi chini ya kuta. Chota udongo sehemu kumi za uwanja, sentimita 15 za juu, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki na upeleke maabara kikombe kimoja. Omba wapime risasi, arseniki, na kiwango cha tindikali. Viwango vya usafishaji vya jimbo hilo ni miligramu 20 za arseniki na 250 za risasi kwa kilo ya udongo. Majibu yakizidi hapo, usilime chini. Tengeneza fremu ya mbao ya mwerezi yenye kimo cha sentimita 30, tandika kitambaa kizito cha bustani chini yake, ujaze udongo mpya theluthi mbili na mboji theluthi moja. Fremu moja ya mita 1.2 kwa 2.4 inakula karibu mita za ujazo 0.9.

Kuku pia wanaguswa na hili. Wao hudonoa mchanga na kujiogesha vumbi kutwa nzima, na risasi wanayoimeza hufika kwenye yai. Sehemu yao itandikwe kitambaa hicho na juu yake vipande vya matawi yaliyosagwa, unene wa sentimita 15. Wakata miti wa mjini mara nyingi huvitoa bure.

Udongo wa huko ukipimwa mara nyingi huonekana una tindikali, kwa kuwa mvua za miezi mingi husomba chokaa. Kipimo kikisema hivyo, gramu 250 za chokaa ya dolomaiti kwa mita moja ya mraba, ikichanganywa mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda, hutosha kwa kuanzia. Jamii yote ya kabichi, sukuma wiki ikiwamo, hupata ugonjwa wa mizizi kuvimba mafundo kwenye udongo wenye tindikali, na vijidudu vyake vikishaingia hukaa ardhini miaka mingi.

Nije kwenye kuku, nianze na jogoo kwa sababu jibu lake ni fupi: Seattle hairuhusu majogoo. Sheria ya jiji inaruhusu hadi kuku 8 kwa kiwanja, na banda liwe angalau futi 10 kutoka nyumba ya jirani. Mtetea hutaga bila jogoo. Jogoo anahitajika tu ukitaka vifaranga. Lakini hakikisha kwanza kwamba kweli uko ndani ya mipaka ya jiji. Anwani nyingi za kusini huandikwa Seattle kwenye barua ilhali ziko miji jirani ya Tukwila au Burien, au eneo la kaunti lisilo la mji wowote, na kila mahali pana sheria yake. Kama mmepanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi.

Kwa mita za mraba 60 zenye bustani, chukua kuku 4. Watakupa mayai mawili hadi matatu kwa siku katika miezi mizuri. Aina zinazovumilia unyevu na ni tulivu ni Buff Orpington, Barred Rock na Australorp. Dukani soma lebo ya boksi: “pullet” ni majike waliochaguliwa, “straight run” ni mchanganyiko ambao nusu yao watakuwa majogoo. Hata kwa waliochaguliwa, jogoo mmoja hupenya mara kwa mara, hivyo panga mapema atakwenda wapi, kabla watoto hawajampa jina. Uliza pia kama wamechanjwa ugonjwa wa Marek, ambao hupoozesha miguu na hauna tiba.

Nunua vifaranga katikati ya Aprili, si Februari. Watakaa ndani majuma sita hadi wafunikwe na manyoya kamili, na majuma sita kutoka katikati ya Aprili yanakufikisha mwisho wa Mei, usiku unapokuwa umepoa kwa kiasi tu. Wa Februari watakuwa tayari kutoka katikati ya mvua ya baridi, au wakubanie gereji hadi Mei wakitimua vumbi.

Bruda yao, yaani mahali pa kuwalelea kwa joto, ni boksi la sentimita 60 kwa 100, kuta za sentimita 45. Juma la kwanza joto la sehemu yao ya kulala liwe nyuzi 35 (95 za Fahrenheit), kisha shusha nyuzi 3 kila juma hadi ufikie 21. Ninapendekeza kwa nguvu sahani ya joto inayosimama kwa miguu badala ya taa nyekundu ya wati 250. Taa hizo huanguka kwenye maranda na kuunguza nyumba. Joto liwe upande mmoja tu ili vifaranga wachague wenyewe: wakirundikana na kulia kwa sauti kali wana baridi, wakikimbilia pembe ya mbali na kuhema mdomo wazi wamezidiwa na joto. Chini weka maranda ya msonobari, sentimita 5. Gazeti huteleza na kupanua miguu ya kifaranga, na maranda ya mwerezi yana harufu inayoumiza mapafu yao.

Wakifika tu, chovya mdomo wa kila mmoja kwenye maji ili ajue yalipo. Kagua sehemu ya haja mara mbili kwa siku katika juma la kwanza. Kinyesi kikikauka na kuziba, lainisha kwa maji ya uvuguvugu na ufute taratibu, la sivyo kifaranga hufa ndani ya siku moja au mbili. Chakula kiwe cha vifaranga chenye protini asilimia 18 hadi 20. Kuna kilichotiwa amproliumu ili kuzuia koksidiosi, ule ugonjwa wa kuhara damu. Kama vifaranga wako hawakuchanjwa koksidiosi, nunua hicho. Kama walichanjwa, nunua cha kawaida, kwa sababu dawa huua chanjo. Chakula cha kuku wa mayai wasiguse hadi majuma 18 au yai la kwanza: kina kalsiamu karibu asilimia 4, mzigo unaoharibu figo za kuku anayekua. Wakishaanza kutaga, kila mmoja hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, na magamba ya chaza yaliyosagwa yakae kwenye chombo cha pembeni ajitwalie mwenyewe.

Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapowagusa, na walio chini ya miaka mitano wasiwashike kabisa. Kifaranga mzima wa afya anaweza kubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, bila dalili yoyote.

Banda la kuku wanne: mita za mraba 1.5 za kulala, mita 4 au zaidi za kutembea, fito ya kulalia yenye sentimita 25 kwa kila kuku, na kiota kimoja au viwili vya sentimita 30 pande zote, kikiwa chini kuliko fito wasije wakalala humo na kuchafua mayai. Wengi hukosea katika hewa. Wakiona baridi wanaziba kila tundu, kumbe kuku mkavu huvumilia sakitu vizuri. Kinachomuua ni unyevu wa pumzi zake na amonia ya kinyesi chake. Acha nafasi za hewa juu ya vichwa vyao pande mbili, zikiwa na wavu. Na eneo la kutembea liezekwe. Bila paa, kufikia Desemba litakuwa tope jeusi linalonuka, na jirani atakuwa wa kwanza kulalamika.

Nyumbani adui mkubwa ni mdondo. Seattle adui mkubwa ni rakuni, mnyama wa usiku mwenye vidole kama vya mtoto, anayefungua komeo la kawaida na kuuchana wavu mwembamba wa kuku. Wavu mwembamba huzuia kuku kutoka; haumzuii mnyama kuingia. Tumia wavu mgumu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, ukaze kwa skrubu zenye washa pana (vile vipete bapa vya chuma), si kwa pini. Kila mlango uwe na komeo pamoja na karabina, ile pete ya chuma yenye kibanio cha springi. Chini ya ukuta laza wavu huohuo kwa nje, upana wa sentimita 50, uufunike kwa udongo: mchimbaji huanzia ukutani, akikutana na wavu hajui kurudi nyuma. Panya nao wataletwa na chakula kinacholala nje. Kiingize ndani kila jioni, gunia liwe kwenye pipa la chuma lenye mfuniko.

Kuhusu dawa, usitarajie duka la pembejeo litakuuzia antibiotiki kama nyumbani. Tangu Juni 2023, antibiotiki muhimu za mifugo Marekani hutolewa kwa cheti cha daktari wa mifugo tu, hivyo tafuta daktari anayekubali kuku kabla hujamhitaji. Chanjo ya mdondo ya kila miezi mitatu hutaihitaji. Mdondo mkali ni nadra huko na ukishukiwa lazima serikali iarifiwe. Homa ya ndege ya H5N1 imekuwa ikizunguka kwa ndege wa porini tangu 2022, na bata na bata bukini wa Seattle ni wengi. Paa lile lile linalozuia tope huzuia kinyesi chao. Kuku wawili wakifa ghafla, au vichwa vikivimba na vilemba kuwa vya zambarau, usiwachinje wala kuwazika. Wasiliana na Idara ya Kilimo ya jimbo.

Mbolea ya kuku sasa. Kuimwaga mbichi bustanini, hapana. Ina nitrojeni kali inayounguza mizizi ya miche, na ina vijidudu ambavyo mvua huvirusha hadi kwenye majani unayokwenda kupika nusu-mbichi. Kanuni za kilimo-hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusana na udongo, siku 90 kwa yasiyogusana. Mchicha na sukuma wiki uvihesabie 120, kwa kuwa msimu wa mchicha wenyewe hauzifiki siku hizo.

Unaweza kuivundika hadi iwe mboji, lakini usijidanganye kuhusu rundo lako. Ili joto liue vijidudu, rundo linatakiwa kufika nyuzi 55 na kubaki hapo siku 15 likigeuzwa angalau mara tano, na kwa hilo unahitaji karibu mita moja ya ujazo iliyojazwa kwa mkupuo: sehemu moja ya kinyesi kwa sehemu mbili au tatu za majani makavu, unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Kuku wanne hawajazi hivyo upesi. Rundo linaloongezwa kidogo kidogo halichemki, hata likigeuka jeusi na kunukia vizuri, nalo ulichukulie kama samadi mbichi. Njia inayowafaa watu wa kuku wachache ni hii: kusanya mwaka mzima chini ya kifuniko kisichopitisha mvua, acha kuongeza Septemba ikiisha, tandaza Oktoba kwenye tuta litakalopumzika hadi machipuko, na funika kwa majani makavu sentimita 15 ili mvua isisombe nitrojeni kwenda mtaroni. Iliyowekwa tarehe 1 Novemba inatimiza siku 120 tarehe 1 Machi. Kiasi ni sentimita 2 za unene, kama ndoo 3 za lita 20 kwa tuta moja. Wingi zaidi huzaa majani mapana yanayojaa vidukari.

Machipuko haya ya kwanza, basi, utanunua mboji. Ipime kabla ya kuimwaga yote: panda maharage sita kwenye kopo la mboji hiyo na sita kwenye udongo mwingine. Baada ya majuma matatu, majani yakijikunja na kusokotana upande wa mboji tu, ina mabaki ya dawa ya magugu. Jimbo la Washington liliwahi kukumbwa na tatizo hilo, Pullman na Spokane, karibu na mwaka 2000, dawa iitwayo klopiralidi ilipopita salama kwenye majani yaliyovundikwa.

Kuanzia Aprili hadi Septemba kuku na mboga viishi mbalimbali. Kuku mmoja akipita kwenye tuta la miche kwa nusu saa hakuna kinachobaki, kwani kuparua ndiyo kazi aliyoumbiwa. Wavu wa mita 1.2 unawatosha kuku wazito niliowataja. Wapelekee wao majani yaliyotobolewa na miche uliyopunguzia, mradi yasizidi sehemu moja ya kumi ya mlo, na wawe na changarawe ya kusagia tumboni. Wasipewe majani ya nyanya, viazi vilivyo kijani, maganda na kokwa za parachichi, wala maharage mabichi makavu. Oktoba wafungulie matuta yaliyokwisha vunwa ambayo hujaweka samadi. Watakula mayai ya konokono na viwavi vilivyojificha.

Konokono wasio na gamba watakula miche usiku kucha wakati wa machipuko. Tumia punje za fosfeti ya chuma. Zile za metaldehaidi usiziingize kabisa kwenye uwanja wenye kuku au mbwa. Sukuma wiki ina adui mwingine, nzi anayetaga mwezi Aprili na Mei kwenye shingo ya mche. Funza wake hula mizizi, mche unanyauka mchana ingawa udongo una maji. Funika tuta kwa kitambaa chepesi cha bustani siku ileile ya kupanda, kingo zikifukiwa. Kama jamii ya kabichi ilikaa hapo mwaka jana, hamia tuta jingine, kwa sababu nzi waliolala ardhini watatokea ndani ya kitambaa na hutaona kitu. Na ikifika Julai mvua hukatika kabisa: lipe kila tuta lita 70 kwa juma, ukizigawa mara mbili, asubuhi.

Shangazi asibebe mbegu kwenye sanduku. Mbegu zinazoingia Marekani zinatakiwa ziwe na kibali au cheti cha afya ya mimea, na maofisa wa kilimo uwanja wa ndege watazichukua. Mchicha utaupata kwenye maduka ya Kiasia, au kwenye katalogi kwa jina la callaloo. Ukipata aina unayoipenda, acha mimea miwili iliyo bora bila kuikata tangu Juni. Mwishoni mwa Septemba, kabla mvua hazijarudi, sugua kichwa cha maua kiganjani; mbegu nyeusi zikidondoka, kata kichwa chote, kining’inize ndani ya mfuko wa karatasi majuma mawili, pepeta, na uhifadhi kwenye chupa kavu gizani. Kichwa kimoja kina mbegu za kupanda matuta yako yote mwaka unaofuata.